Diski Niliyoiua kwa Mdomo

Ijumaa asubuhi, Kitale. Mwezi wa saba.

Mvua imeanza tangu alfajiri, ile mvua yetu isiyo na haraka, na ukungu umeketi juu ya Elgon hadi mgeni angeapa kwamba hakuna mlima upande ule. Sijafungua duka. Nimetundika kibao cha "Nitarudi saa sita" ilhali niko ndani, nyuma ya meza, na kikombe cha chai kilichopoa bila kuguswa. Chai imenishinda tangu jana. Nitafika huko.

Mnaosoma hapa mmezoea vituko vya duka: kompyuta iliyokuja na mende wa vizazi vitatu, mchungaji aliyeniita niombee printa yenye pepo kumbe imemeza pini ya stepla. Leo sina kituko. Nina jambo ambalo nimelibeba tangu Jumanne, na jana nilijaribu kulitua nikaharibu zaidi.

Nimeua diski ya mtu.

Sikuiangusha, sikuichoma, wala maji hayakuingia. Niliiua kwa mdomo, mchana kweupe, mbele ya baba na mama wa mwenyewe.

Nianze na Jumanne, Endebess, kwenye ushirika wa maziwa. Kompyuta yao ya kuandikia maziwa ya wanachama iliungua siku stima ilipopotea ikarudi kwa hasira. Diski ilinusurika. Meneja wao, Kibet, alikuwa amenunua mashine yangu kuukuu, ile nzito niliyoitumia miaka mingi dukani kujaribia diski za wateja. Kazi ilionekana ndogo. Nitoe diski kule, niitie huku, niwashe, ninywe mala, yale maziwa yetu ya mgando, nirudi Kitale kabla ya mvua.

Nikawasha. Maandishi meupe yakashuka kwa kasi, kisha yakasimama. Mstari wa mwisho ulisema diski yenye mfumo haipo. Chini yake kulikuwa na neno initramfs na kijimstari kinachopepesa kikingoja amri.

Nilihisi baridi, kama mtu aliyekutana na sura anayoijua bila kukumbuka jina. Lakini mdomo ulikuwa umeshaanza kazi yake. Nilikuwa nimefika kwenye "pole sana, meneja, hii diski" wakati Kibet aliponikata.

"Wambui, hapa ng'ombe akilala hatusemi amekufa. Kwanza tunamwinua."

Wakamaji wakacheka, nami nikacheka nao ili nisionekane nimeudhika. Kisha, kwa aibu zaidi kuliko kwa ujuzi, nikachomeka flashi yangu yenye Linux kamili na kuiwasha mashine kupitia hiyo. Diski ikaonekana. Nzima kabisa, na maziwa ya watu wote ndani yake.

Acheni nieleze kwa lugha ya nyumbani, maana mambo yote yanasimama hapa. Linux ikiamka haishiki diski moja kwa moja. Kwanza kinapakiwa kifurushi kidogo ambacho sisi mafundi tunakiita imeji ya kuwashia. Ndani yake mnatakiwa kuwa na draiva, yaani moduli inayojua kuzungumza na kadi ambamo diski imechomekwa. Mashine iliyoungua ilikuwa na kadi ya aina moja, hii yangu kuukuu ina kadi ya aina nyingine. Kifurushi kilikuwa kimefungwa kwa ajili ya ile ya kwanza, kikabeba draiva yake peke yake. Basi Linux iliamka, ikapapasa mahali ambapo diski ilitakiwa kuwa, haikugusa kitu, ikasema hakuna diski.

Dawa yake ni mstari mmoja. Niliingia kwenye mfumo wao kupitia ile flashi, nikaongeza jina la draiva, mptsas, kwenye orodha ya moduli, kisha nikaamuru imeji ifungwe upya: update-initramfs -u. Nikachomoa flashi, nikawasha. Ikawaka kama haikuwa na tatizo lolote. Nina mazoea ya kuandika muda wa kila kazi kwenye daftari, kwa hiyo nilitazama saa.

Dakika kumi na mbili.

Kibet aliagiza mala. Mimi nikainua kifuniko cha mashine ili nikirudishe, na hapo ndipo nilipoona ubavuni kipande cha plasta nyeupe kilichochafuka, chenye mwandiko wangu. Huwa nabandika kazi za wateja hivyo nisisahau diski ni ya nani, na nilipoiuza mashine sikukibandua. Kiliandikwa: "Simiyu, Myanga. Imekufa."

Ilikuwa mashine ileile. Kadi ileile. Na mstari uleule wa mwisho, ambao sasa niliukumbuka herufi kwa herufi.

Nilikaa chini juu ya mtungi wa maziwa uliofunikwa. Walidhani ni njaa.

Kilichonimaliza si ile draiva. Ni swali jepesi ambalo mtoto wa darasa la nne angeuliza: kama diski ile ilikuwa imekufa, ujumbe ule ulitoka wapi? Imeji ya kuwashia inakaa kwenye diski yenyewe. Mashine inaisoma kutoka huko kwa njia yake yenyewe, inaipakia, ndipo imeji inalalamika kwamba haioni diski. Ni sawa na kubisha hodi kwa mtu, na sauti ya ndani ikakujibu kwamba hakuna mtu nyumbani. Na mimi, fundi mwenye cheti ukutani, nikaiamini ile sauti, nikageuka, nikaenda kuwaambia wazazi wake kwamba nyumba ni tupu.

Simiyu ni kifungua mimba wa Mzee Wanyonyi wa Myanga. Alisomea umeme Bungoma, akajifunza Linux mwenyewe kwenye kompyuta ya mezani aliyoiunga kwa vipuri. Kisha akapata wakala wa kumpeleka Uarabuni kwa kazi ya ulinzi. Alipiga simu nyumbani mara mbili tu. Mara ya pili alimwambia mama yake asiwe na wasiwasi, karatasi zote amezipiga picha na kuziweka kwenye kompyuta ya nyumbani: jina la wakala, jina la mji, jina la kampuni. Baada ya hapo simu ilinyamaza.

Ikanyamaza mwaka. Ikanyamaza minne.

Kila ofisi waliyoingia iliwauliza jambo moja: alikwenda na nani, na wapi hasa? Jibu lilikuwa ndani ya kompyuta, na kompyuta ilikuwa imepigwa na radi miezi michache baada ya yeye kuondoka. Ilikaa pembeni ya kabati imefunikwa kitambaa hadi mwalimu mmoja wa kanisani alipowaambia kwamba pengine kilichoungua ni mwili tu, na diski huweza kutolewa. Wakaifunga kwenye gunia la mbolea, wakaja nayo Kitale.

Walinikuta wiki ya shule kufunguliwa, miaka miwili iliyopita. Dukani kulikuwa na foleni hadi barazani. Nilitoa diski, nikaitia kwenye mashine yangu ya kujaribia, nikawasha. Mnajua nilichokiona. Wakati huo Linux nilikuwa naijua kwa kusikia tu, kama mtu anavyomjua jirani wa mtaa wa pili. Ilikuwepo kebo ya kuisoma diski kwa upande kupitia kompyuta nyingine, lakini ilikuwa imeshikwa na kazi ya mteja mwingine na sikutaka kuichomoa. Nilisoma mstari mmoja kwenye kioo, nikawageukia.

"Mzee, pole. Diski imekufa. Hakuna kitu tena humo."

Sijui ni nani aliyenituma kuongeza hayo maneno ya mwisho.

Mama Simiyu aliniuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini, kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika. Katika kazi yetu hapa mjini kuna neno ambalo fundi halitamki, nalo ni "sijui". Ukisema sijui, mteja anachukua kitu chake na kuvuka barabara kwa fundi wa pili, naye kesho yake anakucheka hotelini. Tunalishwa hivyo tangu tunapojifunza kushika bisibisi: sema inapona au sema imekufa, usisimame katikati. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa, na wangu siku ile ulipinda bila hata kuumia.

Miezi miwili baadaye nilipigiwa simu niende mazishi.

Mimi ni Mkikuyu wa Kiminini. Babu na nyanya walitoka upande wa Nyeri wakanunua shamba huku, na kwetu mtu akipotea tunaomba na kungoja hadi tunazeeka. Myanga wana desturi yao. Tumaini likiisha, wazee hukata mgomba, huulaza ndani ya jeneza, wakauzika kama mtu, ili aliyepotea atulie huko aliko na wadogo zake waweze kuoa na kujenga. Akija kuonekana baada ya hapo, haingii langoni hivi hivi kama mtoto wa nyumbani. Lazima wazee wamtakase kwanza, maana kwao huyo ni mtu aliyekwisha lala kaburini. Familia ya Mzee Wanyonyi ilikuwa imekataa mgomba miaka yote minne. Mwishowe walisema wangojee kwanza ile kompyuta.

Mgomba ulivishwa shati lake jeupe la mahafali. Kabla ya kufunika, Mama Simiyu alifungua leso akatoa diski, ileile niliyomrudishia mkononi, akailaza juu ya shati upande wa kushoto. Alisema mgomba ni mgomba tu, lakini kitu hiki angalau kiliwahi kumbeba mtoto wake. Kisha wakapiga misumari.

Mzee Wanyonyi alipopewa nafasi ya kuzungumza alinisimamisha. Alisema kwa miaka minne kila mtu alikuwa akiwaambia "subirini, tutaangalia, njooni Jumatatu", na kwamba msichana huyu wa Kitale ndiye pekee aliyewaambia ukweli na kuwapa ruhusa ya kulala. Watu walipiga makofi. Nami nilipunga mkono. Nilirudi nyumbani na kuku waliyenifungia miguu, na jioni ile niliandika hapa hapa kwenye blogu jinsi kazi yetu inavyowapa watu amani. Itafuteni makala hiyo, mtaiona. Nimeisoma tena Jumatano na sijaifuta, iendelee kunicheka.

Jumatano hiyo sikufanya kazi ya maana. Kila kompyuta niliyoiwasha nilikuwa naingojea isimame kwenye ule mstari. Nilimpigia mama yangu Kiminini, nikamweleza yote, nikamwambia nitakwenda Myanga kusema ukweli. Akaniuliza kama ninakwenda kwa ajili yao au kwa ajili yangu. Nilimjibu kwa haraka kwamba ni kwa ajili yao. Haraka ile ingetosha kunionya.

Kwa hiyo jana nikaenda. Saa tano nilikuwa Bungoma, na kabla ya saa sita bodaboda alikuwa ameniacha Myanga mbele ya lango lao. Ni lango la mabati lenye rangi ya kijani, na komeo lake hupiga kelele. Nililifungua, nikalifunga nyuma yangu kama mgeni mwenye adabu.

Mzee hakuwepo, alikuwa kwenye mkutano wa kanisa. Nakiri kwamba nilishusha pumzi. Mama Simiyu alikuwa akianika maharagwe uani. Ukimtazama ungesema amepona. Amenenepa kidogo, anacheka, na alinitania kwamba nimekuja kutafuta mume maana Kitale wamenikataa. Bado wote wanamwita Mama Simiyu, na anaitika. Kaburi liko kando ya migomba, limefyekwa vizuri, na maua ya njano yamezunguka saruji.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Nimelisikia hilo tangu utotoni na nilikuwa nalitumia nikitania watu.

Tulikaa jikoni kwa sababu ya baridi. Nilimwambia. Sikuzunguka, nilimwambia kwa mpangilio uleule niliowaandikia nyinyi: Endebess, mstari ule, draiva iliyokosekana kwenye imeji, kile kipande cha plasta. Nilimwambia mtoto wake aliacha kila kitu kilivyotakiwa na diski haikuwa na kosa. Nilisema nilikosea na nikaomba anisamehe. Nililia, na nilipokuwa nikilia nilihisi wepesi mdogo ukianza kifuani, na nina aibu kuandika hivyo.

Yeye hakulia. Alikuwa ameshika ukuni, hakuutia motoni wala kuuweka chini.

"Kwa hivyo siku ile ungemfungua," alisema.

"Ndiyo, mayi," nikamwita mama kwa lugha yao.

"Na kalatasi tungeziona."

Nilimwambia naamini hivyo.

Nje kuku walikuwa wameingia kwenye maharagwe na hakuwafukuza.

"Ingekuchukua muda gani?"

Swali hili sikulitarajia. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kilio, kwa kufukuzwa. Ningeweza kumwambia wiki nzima. Ningeweza kusema ingehitaji vifaa kutoka Nairobi. Uongo mdogo kama huo ungemwachia mahali pa kuegemea. Lakini nilikuwa nimekuja na ukweli wangu, nikiujali kuliko nilivyomjali yeye.

"Dakika kumi na mbili."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu asichonunua. Kisha akainuka, akamimina maziwa na maji kwenye sufuria, akatia majani, akaiteleka motoni. Akaketi tena. Ukutani juu ya kabati kuna saa yenye kalenda ya kanisa, na macho yake yaliipandia. Yangu pia. Sufuria ilikaa kimya, ikaanza kutoa mvuke pembeni, ikatulia, ikanong'ona, na mwishowe chai ikainuka ikamwagikia kuni. Hakuiondoa mara moja. Aliiacha imwagike huku akitazama saa, hadi dakika zile zilipotimia.

"Ni hivyo tu," akasema.

Alinimiminia kikombe kilichojaa. Nilikishika kwa mikono miwili na sikuweza kukifikisha mdomoni. Naye chake hakukigusa. Nimekunywa chai katika nyumba ile siku ya mazishi, vikombe vitatu, na mandazi.

Hapo ndipo nilipoelewa swali la mama yangu. Wanawake wawili walikuwa wamekaa jikoni. Mmoja aliingia amebeba mzigo, mwingine alikuwa ameshautua wake zamani kwa shida, kwa maombi, kwa saruji na maua. Sasa mwenye mzigo alikuwa yeye.

Nilimwambia nitakuja tena kuzungumza na Mzee, nimpigie magoti. Akakataa kabla sijamaliza.

"Baba yake asijue. Yule sasa analala. Miaka minne hakulala." Kisha akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nimalize kusema. "Hiyo kitu ikikaa kwa udongo miaka miwili, inakufa?"

Mnajua ninavyoujua ujinga wangu sasa. Diski ile imefungwa vizuri kiwandani, lakini udongo wa Myanga una maji, na jeneza ni mbao, na mgomba unaooza ni maji matupu. Huenda imeliwa na kutu. Huenda haijaliwa. Nilizitafuta zile sentensi zangu za dukani na zilikuwepo zote, zimejipanga: imekufa mama, hakuna kitu tena humo, nina hakika. Ningesema moja yake na kaburi lingefungwa tena, pengine hata vizuri kuliko mara ya kwanza.

"Sijui, mama."

Lilitoka kwa urahisi wa ajabu. Miaka miwili limechelewa.

Alilirudia lile neno midomoni bila sauti. Nilidhani atasema yameisha, ni mapenzi ya Mungu, kama wanavyosema watu wa kanisa wakitaka mgeni aondoke kwa amani. Hakusema hivyo.

"Kama hujui," alisema, "basi mimi sijazika mtu."

Sikumuuliza anamaanisha nini. Hatakwenda kufukua, nawajua watu wa kule, kaburi halifukuliwi bila wazee, na wazee hawawezi kuitwa bila Mzee kujua. Anayoyaweza ni kidogo sana. Nilimsaidia kuwatoa kuku kwenye maharagwe. Alinipa paketi ya karanga za kubeba, kwa sababu mgeni haondoki mikono mitupu hata akiwa amekuja kuvunja nyumba.

Alinisindikiza hadi langoni. Nilipotoka niligeuka kulivuta ili nilifunge, kama nilivyolikuta. Akaweka mkono juu ya mabati.

"Lango liache tu."

Nikaliacha. Nilitembea hadi sokoni na nilipogeuka mara moja nilimwona bado amesimama pale, haangalii upande wangu, anaangalia barabara ile nyingine inayotoka Bungoma.

Pale sokoni nilikutana na Mzee Wanyonyi akirudi kwenye baiskeli yake. Alishuka ili anisalimie kwa mikono miwili. Alifurahi kweli. Aliniuliza kama nimepita nyumbani na kama nimekunywa chai, nikamwambia nimepita, na kuhusu chai nikamwambia ndiyo. Akamweleza mwenye kibanda cha simu kwamba huyu ndiye binti aliyewaambia ukweli. Mwenye kibanda akanisalimia kwa heshima. Nilisimama pale na karanga zangu mkononi, nikapokea.

Ndio maana leo niko nyuma ya kibao cha uongo.

Nimetoa kipande kingine cha plasta nyeupe na kukibandika mbele ya meza, upande ninaouona mimi na si wateja. Nimeandika neno moja juu yake, lile la jana. Kuanzia kesho mteja akiniuliza nami sina hakika, nitalisoma kwa sauti, na akitaka avuke barabara. Najua haimrudishii Mama Simiyu chochote. Nimeandika pia barua kwa ofisi mbili zinazoshughulikia watu waliopotea nje, nikaeleza ninayoyajua, ambayo ni jina lake na mwaka alioondoka. Ni kidogo mno. Nitazituma mvua ikipungua.

Lakini tangu jana kuna jambo moja dogo lisilotoka kichwani. Mzee ni mtu wa utaratibu. Alipofika nyumbani na baiskeli yake atakuwa amelikuta lango wazi, akauliza ni nani aliyeliacha, akalifunga na kutia komeo, kwa sababu ya ng'ombe na kwa sababu ndivyo afanyavyo kila siku. Naye Mama Simiyu atakuwa amelisikia lile komeo kutoka jikoni. Alinyamaza? Au alingoja aingie ndani, akatoka na kulifungua tena, na leo watafanya vivyo hivyo, mmoja akifunga na mwingine akifungua, bila yule wa kwanza kujua kwa nini?

Mvua hii lazima inanyesha Myanga pia. Saa hizi lango lile liko wazi au limefungwa?

Sijui.